Tanzia za Mwanaisha

Jumanne, baada ya isha

Bado sijui kama nilimsaidia au nilimchosha tu.

Mjukuu wangu Mwanaisha ndiye mwanamke wa kwanza kusoma habari katika kituo cha televisheni cha hapa Malindi, pamoja na tanzia zinazofuata. Leo mkuu wake amemhamishia kwenye kipindi cha mapishi, kuanzia kesho. Wazee wamelalamika kwamba habari ya msiba hupelekwa na mwanamume, haifai itoke kinywani mwa mwanamke.

Mimi, kama kawaida yangu, nikaanza kueleza. Nikamwambia kwamba hata Ufaransa wanawake wa mwanzo wa televisheni waliwekwa watabasamu na kutaja kipindi kijacho, habari wakisoma wanaume. Mmoja wao alivumilia mpaka akaja kuongoza vipindi mwenyewe, na...

"Babu," akanikata, "Ufaransa ni mbali. Mimi nauliza ya kesho. Nikapike?"

Nikamwambia anywe chai, itapoa.

Sikumwambia kwamba aliyetangulia kupiga simu kituoni kulalamika ni kaka yangu Athumani, wa Matsangoni. Alinieleza mwenyewe jioni, akingoja nimshukuru. "Nimemsitiri mtoto wetu," akasema. Ni mkubwa wangu, na tangu utotoni sijawahi kumpinga.

Asubuhi nitampigia. Nitamwamkia shikamoo kwanza, kisha nimpe wasia wangu: siku nikifa, tanzia yangu aisome Mwanaisha, la sivyo isisomwe.