Magunia Matatu Kijijini Handali

Jumatatu, 2 Januari 2023

Ofisini wamegawa shajara za mwaka mpya. Zilibaki tatu, mkurugenzi akasema mpeni na Penina wa chai. Karatasi nene, nyeupe, na utepe wa kuwekea alama! Kila siku ina ukurasa wake, utadhani kila siku nina jambo la maana. Haya, nitaandika. Kuandika ndicho kitu pekee humu ndani ambacho hakijapanda bei.

Sembe hapa Kizota leo — elfu moja na mia nane kilo. Kabla ya Krismasi ilikuwa elfu moja na mia sita. Maharage elfu tatu na mia tatu. Mchele siutaji, tusije tukaanza kutamani.

Nimetangaza sheria za nyumba. Sukari chai ya asubuhi tu. Mafuta kijiko kimoja kwa sufuria. Unga ni dona, hakuna kukoboa, pumba nazo ni chakula. Mlenda siku nne kwa wiki, maana mlenda hauombi mafuta. Wali ni mpaka mtu aoe. Joshua, ana miaka tisa, akauliza nani anaoa. Dada yake Loisi akacheka mpaka akakohoa. Mume wangu Marko hakucheka. Tangu Novemba amechomelea mageti mawili tu.

Ila mimi moyoni nimetulia. Nina magunia yangu matatu.

Alhamisi, 5 Januari

Ngoja niandike vizuri habari ya magunia, inanipa raha kuiandika.

Juni, mavuno yalipotoka, gunia la mahindi lilikuwa elfu sitini na tano. Nilichukua pesa yangu yote ya upatu nikanunua matatu, nikayaacha kijijini Handali kwa mdogo wangu Matonya. Hapa tuna vyumba viwili, panya wanapita kama wapangaji wenzetu. Na majirani wakisikia una mahindi, jioni hiyo hiyo wako mlangoni na bakuli. Kule yamepangwa juu ya uchaga, yameandikwa P kwa rangi ya mageti ya Marko. Sikumwambia wifi yangu Ruthu, mke wa Matonya, asiyaguse. Huwezi kumwambia ndugu hivyo, ni kumwita mwizi. Nilisema tu: wifi, haya ni akiba ya njaa. Akaitikia.

Septemba Marko alisema twende tukachukue angalau moja. Nikakataa! Hesabu yangu ilikuwa hivi: tule unga wa dukani wakati bado una nafuu, magunia yasubiri Februari, bei itakapofika juu kabisa. Marko akasema sawa, mheshimiwa waziri. Ananiita hivyo kwa sababu nafanya kazi Mtumba, kwenye wizara, ingawa kazi yenyewe ni kuosha vikombe.

Leo gunia ni laki moja na ishirini na tano. Nani mjinga sasa?

Jumapili, 8 Januari

Zeenat wa dukani amebadilisha kipimo cha mafuta. Bei ile ile, kikombe kimepungua. Nikamwambia kikombe chako kimekonda. Akasema kila kitu kimekonda dada Penina, hata yeye. Si kweli hata kidogo, lakini tulicheka. Kisha akasema mumewe Naushad ameacha kabisa kuleta maharage, watu wanayashika, wanauliza bei, wanayarudisha gunini.

Mlenda leo. Mlenda jana. Joshua anasema tumbo lake linateleza.

Mvua hakuna. Mawingu yanakuja upande wa mashariki, yanatuangalia, yanaondoka.

Jumatano, 11 Januari

Kikao kikubwa ofisini, mada ni lishe. Sambusa zilibaki kumi na mbili. Nimezifunga kwenye kitambaa cha kufutia vikombe — kisafi! — nikatoka nazo kifua mbele. Watoto walikula wananitazama kama nimetoka vitani. Mimi nilikuwa naangalia mlango, jirani asije na bakuli.

Marko alikula moja. Akasema ameshiba.

Alhamisi, 12 Januari

Sikukuu ya Mapinduzi, sikwenda kazini. Nimeamua sisubiri Februari. Unga dukani umefika elfu moja na mia tisa, na pesa imeisha kabla ya tarehe kumi na mbili.

Nikampigia Matonya. Haipokelewi. Mara ya tatu akapokea Ruthu. Nikamwambia Jumamosi nakuja na gari kuchukua mzigo wangu. Akasema karibu wifi. Halafu kimya. Nikadhani mtandao. Kisha akauliza kama nitakula kwao. Nikasema msihangaike, nitakuwa na haraka.

Ametoka kuniuliza kitu cha ajabu — tangu lini mtu anauliza kama utakula?

Jumamosi, 14 Januari

Niandike yote, hata kama mkono hautaki.

Nilikodi kirikuu, kigari cha mizigo cha jirani yetu Batholomeo, elfu arobaini kwenda na kurudi, na hiyo ni bei ya ujirani. Pesa nilikopa kwa Zeenat. Njiani mashamba yametifuliwa, mekundu, hakuna kilichoota. Ng'ombe mbavu nje. Batholomeo akasema mwaka huu tutaheshimiana. Nikajibu sisi tulijipanga. Nilisema hivyo kweli. Nilijisikia mtu.

Ruthu alitupokea uani. Amekonda, shingo imekuwa ndefu. Watoto wake sita wakaja kuniamkia mmoja mmoja, shikamoo shangazi, shikamoo shangazi, na kila mmoja anaangalia mikono yangu kama nimebeba kitu. Sikuwa nimebeba kitu. Nilikuja kuchukua, sikuja kuleta.

Nikaingia ndani. Uchaga upo. Juu yake hakuna chochote.

Ruthu akaingia nyuma yangu, akafungua sanduku, akatoa magunia yangu matatu. Yamefuliwa. Yamekunjwa vizuri kama mashuka, P juu. Akanipa kwa mikono miwili.

"Wifi, ulisema ni akiba ya njaa," akasema. Taratibu, hakuwa na jeuri. "Njaa ilikuja."

Nikayapokea kwa mikono miwili.

Tukakaa akanieleza. Mvua ya Novemba ilinyesha siku mbili ikakata. Chakula chao kilikuwa kimeisha Oktoba. Wakaanza watu kuja kuhemea, kama ilivyo desturi yetu mwaka wa shida, unabeba kiroba kitupu unawafuata ndugu wenye chakula. Akaja mama mdogo kutoka Mpwayungu na wajukuu. Wakaja ndugu wa mama yangu. Akaja mke wa katekista. Magunia yanaonekana pale juu, wangewaambia nini? Kwamba ni ya dada, yuko mjini, anasubiri bei ipande? Akawapa debe debe, na wao wenyewe nyumbani wakala kidogo kidogo. Na kila aliyepewa, akasema, aliambiwa wazi: hii ni ya Penina. Hakutaka kunichukulia baraka zangu.

Kwa hiyo nimekuwa mkarimu tangu Novemba na sikuwa na habari.

Nikauliza mbona hamkunipigia simu. Akasema Matonya aliona aibu, kila jioni anasema kesho. Na mimi nisingekataa, si ndiyo? Akaniuliza hivyo, ananitazama. Nikasema nisingekataa. Uongo! Ningekataa. Ningekuja siku hiyo hiyo na kirikuu ningeyabeba yote matatu, mama mdogo angerudi Mpwayungu na kiroba kitupu na wajukuu wake. Najijua.

Matonya alikuja saa nane, vumbi la mkaa mpaka kope. Shikamoo dada. Akakaa kwenye kigoda anaangalia chini. Mdogo wangu huyu nilimbeba mgongoni mwaka ule mama alipotupeleka sisi wenyewe kuhemea, nina miaka kama ya Joshua, na watu wasiotujua vizuri wakatugawia uwele. Nilitaka kumtukana. Nikamuuliza bei ya mkaa.

Tulipoaga alikimbiza kuku uani, jike, la mwisho nadhani, akamfunga miguu akanipa. Mgeni haondoki mikono mitupu. Nikapokea. Ungefanyaje?

Tumerudi na kirikuu tupu, mimi mbele nimepakata kuku. Batholomeo alifungulia redio mpaka Kizota, Mungu ambariki.

Jumapili, 15 Januari

Marko hajasema nilikwambia. Angesema ningepata wa kugombana naye.

Kanisani, baada ya ibada, mama mmoja nisiyemjua alinikumbatia. Amekuja mjini kwa mwanawe, ametokea Mpwayungu. Alisikia jina langu likitangazwa kwenye wanaosafisha kanisa. Wewe ndiye Penina wa mahindi? Mungu akuzidishie, mwanangu. Akalia begani kwangu. Wanawake wenzangu wakanitazama kwa macho mapya.

Nikasema amina. Nina hasira mpaka meno yanauma, na nina aibu kuwa na hasira. Vyote viwili, na tumbo tupu.

Ijumaa, 20 Januari

Kuku nimemuuza. Nilitaka kumfuga atage, lakini kuku naye anakula. Joshua alikuwa ameshampa jina. Zawadi haiuzwi, najua, bibi yangu angenilaani. Elfu kumi na tano. Nimenunua unga kilo saba na chumvi.

Marko anatoka kabla ya chakula cha mchana, anasema anakwenda kuulizia kazi kwenye karakana. Karakana zote za Kizota ziko kimya, nasikia mwenyewe, hakuna hata nyundo. Anakaa wapi? Simuulizi. Akirudi anasema amekula huko.

Mvua imenyesha kidogo jana. Watu mtaani walisimama nje kuiangalia. Imechelewa, lakini ni mvua. Nilijikuta nafikiria mahindi ya Matonya, kwamba labda yatainuka, labda atanilipa hata gunia moja Mei. Labda.

Jumanne, 24 Januari

Unga elfu mbili.

Loisi anasema siku hizi hapendi ugali wa mchana. Muongo kama baba yake.

Jumamosi, 28 Januari

Leo nilikuwa nyumbani, nafua. Saa kumi hivi nikasikia hodi. Ruthu. Mtoto mgongoni, mwingine kamshika mkono, miguu vumbi mpaka magotini. Sehemu kubwa wametembea.

Kwetu mtu wa kuhemea haombi. Anaweka kiroba chake karibu na mlango, anakaa, mnaongea habari za mvua na za wagonjwa, na mwenye nyumba anajua. Ruthu akaweka kiroba karibu na mlango. Akakikunja vizuri, upande ulio wazi ukatazama ndani. Akakaa.

Nikampa maji. Tukaongea habari za wagonjwa. Matonya amekwenda Mtera, amesikia wavuvi wanatafuta vibarua. Watoto wanne wakubwa amewagawa kwa ndugu, wawili huku wawili kule, hawa wadogo hakuna aliyewataka, hawawezi hata kuchota maji. Akasema amefikiria sana aende kwa nani. Akaona kila mahali pa kwenda, chakula walichokuwa nacho watu walikwishakula. Akabaki na mimi.

Hanidai. Hajui hata kama kuna kitu cha kudaiana kati yetu. Ndivyo ninavyoona kwenye uso wake, na ndicho kinachonimaliza. Angekuja na maneno, ningemjibu. Mimi mdomo ninao.

Yule mtoto aliyeshikwa mkono akazunguka uani, akachungulia nyuma ya choo. Akauliza kuku wao yuko wapi. Joshua akafungua mdomo. Nikamtuma dukani kiberiti.

Nimemuuliza Ruthu, kwa ustaarabu, kama mtu anayeulizia safari, anafikiria kukaa mpaka lini. Akasema mpaka wakati wa mavuno. Nikahesabu kwa vidole chini ya khanga: Februari, Machi, Aprili, Mei. Nikasema basi mvua ya juzijuzi itakuwa imewasaidia, mahindi yamefika wapi, kifundoni?

"Hatukupanda, wifi," akasema. "Mbegu tulikula."

Hakulia. Alikuwa anamfuta mtoto kamasi. Akaniuliza kama amsaidie Loisi kuosha vyombo.

Nimeingia chumbani. Marko hajarudi. Kwenye ndoo kuna unga kilo mbili na kidogo, na kampuni ya usafi iliyoniajiri kule wizarani hulipa tarehe tano. Kupitia pazia nawaona wale wawili wamekaa mkao mmoja, wanaangalia jiko, hawachezi. Watoto wa kwetu walikuwa wanacheza hata mwaka wa shida. Au mimi ndiye nimesahau.

Loisi amesimama mlangoni na mwiko. Maji yamechemka, anauliza asonge wa watu wangapi. Nimemwambia asubiri kidogo, mama anaandika.