Tini za Kijijini Kwetu

Kwa binamu yangu Maisam, huko Chile,

Hapa kambi ya wakimbizi ya Dheisheh tu wazima. Paka amezaa chini ya tangi la maji.

Tangu uende na pasipoti yako ya kigeni kule kijijini alikofukuzwa Bibi, ambako sisi tumekatazwa kufika, Bibi hana habari nyingine. Alikula tini ulizomletea kutoka huko akilia, akakubusu viganja. Mimi ninayemkanda miguu kila siku akaniambia, "Hebu sogea huko, nimwone mwenzio!"

Jana mwalimu aliniuliza kwetu ni wapi. Nikakitaja kijiji kwa sauti ya kupasua dari. Wewe umekiona tu. Wa huko ni mimi.

Ila niambie, na Bibi asijue nimeuliza: ule mtini anaousimulia Bibi uko upande gani wa kisima cha kijiji? Kila mwaka nauchora kwa kukisia.

Ni mimi Rawand, nisiyekuonea wivu hata chembe.