Nywele za Harusi Juu ya Kidonda

Kamembe, Rusizi
9 Septemba 2024

Mpendwa kaka Jules,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Habari za Lubumbashi, na mgongo wako umepoa? Mimi na mume wangu Bashige ni wazima. Binti yetu Aurore ametoka hospitali, namshukuru Mungu.

Umeniomba nimsamehe mdogo wetu Chloé. Ngoja kwanza ujue alichofanya.

Siku chache kabla ya harusi ya Chloé, Aurore alianguka kwenye ngazi akapasuka kichwa. Alishonwa, tukaambiwa kidonda kisiguswe, kibaki safi. Nilipovuka mpaka wa Rusizi II kwenda Bukavu kutafuta vitenge vya harusi, nilimwachia Chloé mtoto. Narudi asubuhi ya harusi, nakuta kichwa kizima kimesukwa nywele za kubandika, juu ya nyuzi za daktari, na jeli imepakwa! Eti mtoto ataonekana vibaya akitembea mbele ya bibi harusi.

"Yaya, kale kakidonda kalishakauka," akaniambia mimi dada yake mkubwa. "Unapenda bantu batucheke?" Magari yalikuwa tayari yanapiga honi, nikamwacha hivyo hivyo.

Baadaye nikaambiwa kwamba hata kanisani kichwa cha mtoto kilikuwa kinanuka, na Chloé, bibi harusi mwenyewe, akakipulizia manukato. Manukato, kaka, juu ya usaha!

Kesho yake homa ikapanda, akatapika, akashikwa na degedege. Hospitalini muuguzi alipokata zile nywele, nilitoka nje nikatapika na mimi. Kumbe fuvu lilikuwa na ufa, vijidudu vikapitia hapo, na siku zilivyopita usaha ukajaa ndani ya ubongo. Tulipelekwa Kigali, wakampasua kuutoa. Mkono wake wa kushoto bado haushiki kikombe.

Na wiki iliyopita Chloé alinitumia picha za harusi, eti nichague za kutengenezea albamu. Dada yetu hana hata haya. Nilizifuta zote.

Nilikuwa nimeamua asikanyage kwangu. Lakini jana Aurore alipapasa kichwa chake kilichonyolewa, akaniuliza habari za mama yake mdogo, "Maman, Tantine Chloé atakuya lini anisuke tena?"

Mwambie aje. Hilo swali atalijibu mwenyewe.

Nisalimie wifi Mwavita na mtoto wenu mdogo Muhigirwa. Mungu awalindie watoto wenu vichwa vyao.

Dada yako akupendaye,
Nabintu