Chumvi Uvunguni mwa Kitanda cha Mama

Nyumba ya kona, chumba cha nyuma,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Shemeji hajambo? Na Kipusa wenu, meno yameota au bado anawang'ata kwa ufizi? Sisi huku wazima wa mwili. Mama magoti yanamsumbua kidogo, lakini mdomo hauna tatizo.

Kifurushi chako kilifika jana. Nilivyosikia uzito wake nikajua ni vile viatu nilivyokuomba, nikakifungua kwa meno. Chumvi! Paketi kumi na mbili zimesafiri kote huko kuja kwa watu wenye chumvi. Nilikaa chini sakafuni. Kaka, hata wewe na akili zako uliamini? Basi ngoja nikueleze, maana najua Mama amekupa nusu tu, tena ile nusu inayompendeza.

Unamkumbuka Mzee Robo mwenye duka, yule anayekupimia robo hata ukiomba kilo. Mwezi uliopita niliona rafu yake ya chumvi tupu siku mbili mfululizo. Mimi mwanafunzi wa uchumi, mwaka wa mwisho, nikaona nimepata jambo. Nikachora mistari yangu miwili nyuma ya kalenda, mmoja wa wanunuzi na mmoja wa wauzaji, nikamtangazia Mama kwamba chumvi itaadimika kabla mwezi haujaisha. Mzee Robo mwenyewe sikumuuliza. Ningemuuliza angeniambia kwamba gari la mzigo limeharibika na litakuja kesho yake.

Usinicheke. Miaka minne Shangazi ananiuliza huo uchumi unaliwa na nini. Nilitaka mara moja tu niwe na jibu.

Mama aliitazama tu ile kalenda. Gari lilikuja kweli, na baada ya siku tatu mtaa mzima hauna chumvi hata ya kuosha samaki. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliandika kwenye barua ya kuomba kazi katika ile ofisi inayofuatilia bei za vyakula, kwamba niliona upungufu kabla haujatokea. Wakaniita kwenye usaili.

Wakati huo watu walishaanza kusema Mzee Robo anaficha chumvi. Walimvunjia mlango, unga wake wakaumwaga mtaroni, miwani yake ikakanyagwa. Majirani, kaka, watu aliowakopesha sabuni. Akafunga duka, akawa anatafuta mtu wa kununua rafu ahamie kwa binti yake.

Jumatano, siku moja kabla ya usaili, nilikuwa nafagia chumbani kwa Mama. Ufagio ukagonga kitu uvunguni. Nikainama. Paketi arobaini na tatu, zimepangwa vizuri, zimefunikwa khanga. Nikamuuliza Mama hiki ni nini, naye akaniangalia kama mimi ndiye niliyerukwa na akili.

"Si wewe uliyesema? Nimekusomesha miaka yote hii ili nisikuamini?"

Alikuwa amewaambia watu wawili tu, Shangazi na yule fundi cherehani wa jirani. Na wewe kwa simu. Hao wawili nao wakawaambia wawili wawili. Kaka, sikulala.

Alhamisi yule mama bosi wa ile ofisi akaisoma barua yangu kwa sauti, anatabasamu, akaniuliza niliujuaje ule upungufu. Nikamwambia, "Chumvi ilikuwepo. Niliimaliza mimi kwa mdomo wangu." Akafunga faili taratibu. Mpaka leo hawajanipigia, na sitegemei.

Ijumaa, jua likiwa utosini, mimi na Mama tulizibeba paketi zote mpaka dukani. Mama alitaka tungoje giza, nikakataa. Tulifuatwa na watu mpaka mlangoni. Mzee Robo alifungua kibao kimoja cha mlango. Nikamweleza yote mbele yao, sikubakiza. Mama alikuwa akitazama ndala zake. Fundi cherehani akageuka, akaenda kwake, akarudi na furushi lake la chumvi.

Mzee alitutazama muda mrefu bila miwani. Nilijua atanifukuza. Akachukua paketi moja, akampa Mama, akasema ya kupikia. Kisha akanigeukia, akashusha sauti:

"Na sukari je, mwanangu? Itakuwaje?"

Nyuma yangu watu wote wakasogea karibu. Shangazi alishanyanyua kikapu.

"Sijui, mzee," nikasema. "Gari lake linakuja lini?"

Akacheka, akafungua mlango wote.

Msalimie shemeji, umbusu Kipusa. Shangazi na fundi wanakusalimu, Mama anasema uvae soksi. Mungu awafunike huko mliko.

Mdogo wako akupendaye, hata ukimtumia chumvi badala ya viatu,

Mchumi.

Mama amenichungulia begani akasoma mpaka hapo juu. Akikupigia simu, tafadhali, usitume sukari.