Jiwe Nimelirudisha

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu kutoka nyumbani kwa kaka yako, ambako ingawa mwenyewe hayupo, sisi bado tunapaita kwake. Mama Mdogo hajambo? Na goti lake lile limepata nafuu, au bado linamsumbua akipanda ngazi? Watoto nibusie wote, hata yule mkubwa anayejifuta shavu akibusiwa. Sisi huku tunajikongoja. Mama anakula kidogo na kulala kidogo, ila juzi alimkaripia muuza mkaa kwa kumletea vumbi tupu, nikajua bado yumo. Mimi niko saluni kwangu, nasuka vichwa vya watu, na mdomo wangu unaujua, haujapungua.

Sasa nikuambie mwenyewe, maana najua umeshapigiwa simu. Lile jiwe la kaburi ulilomwagizia Baba nimelirudisha kwa mchonga mawe. Si kwamba lina ufa. Ni jiwe zuri, limepigwa msasa mpaka unajiona uso. Nimelirudisha kwa sababu ya maneno uliyoagiza yachongwe: "Alijinyima yote kwa ajili ya mke mgonjwa na watoto." Mchongaji aliniambia kwamba mwenye oda ni wewe, hivyo anakusikiliza wewe, na Ijumaa atalileta tena kulisimika. Nikamwambia alilete tu, lakini atanikuta nimekaa juu ya udongo wa baba yangu, na itabidi anisimike mimi kwanza.

Usinione nimekosa adabu. Sijasahau kwamba siku ya msiba wewe ndiye uliyefika wa kwanza, ukahangaika na turubai na viti, ukalia mpaka watu wakakushika mabega. Lakini uliposhika kipaza sauti ukawaambia waombolezaji kwamba kaka yako alikuwa na kipaji cha kumfikisha mbali, kwamba wewe mwenyewe ulimtafutia kazi ya usimamizi kiwandani akaikataa kwa kuwa mkewe alikuwa hoi, na kwamba tangu hapo alizeeka akigonga vyuma uani kama mtu aliyefungwa, mimi nilimtazama Mama. Alikuwa kwenye kiti chake pale mbele. Aliinamisha kichwa, akaanza kunyoosha mikunjo ya gauni lake. Na watu wote wakamgeukia. Walimtazama kama mwizi aliyekamatwa, haki ya Mungu, na mumewe hata hajafukiwa.

Baba uliyemzika wewe mimi simjui, basi nikukumbushe wa kwangu.

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho, na halikuwa jina la sifa. Ukienda kuchukua geti lako, kesho. Ukirudi, kesho. Mwenye duka la dawa aliwahi kukaa na mlango wa mabati ya kuegesha mpaka uzalendo ukamshinda, akaja uani kufoka. Akamkuta Baba amelisimamisha geti lake, analisukuma kwa kidole kimoja huku ametega sikio kwenye bawaba. Baba akamwomba anyamaze kidogo, maana geti bado linanung'unika. Yule bwana alifoka mpaka koo likamkauka, halafu akajikuta naye amesogeza sikio. Wakawa wawili wameinama pale, wanasikiliza bawaba. Simpambi Baba, alikuwa mchelewaji wa kutia aibu, na mama yangu ndiye aliyekuwa akiwatuliza wateja kwa chai. Lakini mtu aliyefungwa hachezi na geti hivyo.

Kila mchana, mteja aliyesimama pale awe nani, alizima mashine ya kuchomelea, akanawa kwa sabuni ya kufulia na mchanga, akaingia ndani kula na Mama. Miguu ya Mama ilipoanza kukataa, yeye ndiye aliyetusuka mimi na dada. Mara ya kwanza alitusuka kama anafunga nondo kwa waya. Macho yalitutoka, na mwalimu akauliza ni nani aliyetufanyia ukatili ule. Kesho yake Baba akaenda kukaa kwa msusi wa sokoni, na mikono yake ile yenye makovu ya cheche, akatazama mpaka akajua. Mafundi wenzake walimcheka, wakasema mke amemkalia. Akawajibu kwamba nywele zina raha yake, hata ukizikosea haziunguzi, na kwamba kama kuna mwanamume pale anayetaka kusukwa apange foleni. Unadhani kazi hii inayoniweka mjini nilifundishwa na nani?

Na ile reli ya ukutani, inayotoka kitandani kwa Mama mpaka jikoni, umewahi kuishika, Baba Mdogo? Pale kwenye kona aliipinda bomba zima bila kuliunga, ili kiganja cha Mama kisikutane na kovu la chuma. Alipomaliza akachukua pamba, akaipitisha juu ya reli kutoka mwanzo hadi mwisho. Pamba ikinasa, anapiga tupa. Ikinasa tena, tupa tena, huku anaimba kwa ile sauti yake isiyofaa kuimbia. Mama alimwambia kwamba kwa mwendo huo atakufa kabla hajaishika. Baba akajibu, kesho. Walicheka hao wawili! Walicheka mpaka Baba akaangusha tupa, na mimi nilikuwepo.

Sasa nafika pale nilipokatazwa kufika.

Jiwe lilipoletwa, Mama alitaka nimsomee kilichoandikwa. Nikajitia kurukaruka maneno. Akaniambia kwamba iliyokataa ni miguu, si akili, nisome vizuri. Nikasoma. Kwanza alicheka, kicheko kikavu, halafu akalia, Baba Mdogo, alilia kuliko siku ya msiba. Nikamshika, na hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu, akanitaka niahidi kwamba halitakufikia wewe kamwe. Nikaahidi. Leo naivunja ahadi hiyo macho makavu, na nikisutwa, nisutwe.

Siku ulipoleta habari ya ile kazi ya kiwandani, Mama alikuwa mzima. Mzima kabisa. Alikuwa ameshtuka mgongo kidogo kwa kuinua ndoo, kama unavyoshtuka wewe au mimi. Yeye ndiye aliyempigia Baba pasi shati, akamhimiza aende, akamwambia asiwe na wasiwasi na nyumba. Baba akaenda. Wakampa koti jeupe, wakamwonyesha meza nyuma ya kioo, wakamwambia kwamba msimamizi kazi yake ni kuonyesha kidole, hashiki kitu. Huko chini ya kioo mashine zilikuwa zinatema sufuria, zote sura moja. Jioni ile ile akarudi nyumbani. Akamwambia Mama kwamba mahali pale atanenepa, atasahau kushika nyundo, na kwa kuwa wasimamizi hulala huko huko, sisi atatuona mwisho wa mwezi kama mgeni. Akasema haitaki. Hakusema hawezi, alisema haitaki.

Aliyemtisha ni wewe. Ulikuwa umemwombea kazi ile kwa wakubwa wako, umeweka jina lako mbele, na ulikuwa na furaha kama aliyeipata ni wewe. Baba akawa anazunguka uani, hajui atakuambiaje. Ni Mama aliyemwambia: mwambie mdogo wako mgongo wangu umeharibika, huwezi kuniacha. Wakubwa zake wakisikia ugonjwa hawatamlaumu, na yeye mwenyewe hatakununia. Umeelewa, Baba Mdogo? Mama alijitoa yeye asemwe, ili wewe usiaibike kazini, na ndugu wawili msije mkakosana. Wala hakuna aliyekudharau. Walikuwa wanakulinda.

Na kwa bahati mbaya, baada ya hapo ndipo ugonjwa wa kweli ulipomwanza. Mpaka leo Mama anaamini alijiitia kwa mdomo wake mwenyewe. Nimemweleza kwamba daktari alisema ni mishipa ya fahamu, kwamba ugonjwa hausimami mlangoni kusikiliza watu wanasema nini. Ananiitikia tu. Miaka yote hiyo, kila ulipomletea dawa ukamwambia pole shemeji, kaka amejitolea sana, alipokea, akakushukuru, akameza. Baba alitaka mara nyingi kukueleza ukweli, na Mama ndiye aliyemzuia, kwamba yameshapita, ya nini kuyafukua. Sasa Baba hayupo, na wewe unataka kuyachonga kwenye jiwe, wajukuu waje wasome kwamba bibi yao alikuwa mzigo.

Haitawezekana. Nikiwa hai, haitawezekana! Baba hakujinyima kitu. Alitaka moto wake na vyuma vyake, akakaa navyo mpaka mwisho. Alimtaka mke wake, akala naye kila mchana. Alitutaka sisi, akatusuka. Alichokikataa ni kile ulichokitaka wewe, na hilo si kosa lake wala lako. Kama huko ndiko kujinyima, basi Mungu naye aninyime mimi vivyo hivyo.

Najua utakasirika. Kasirika, una haki yako. Hasira niletee mimi saluni, nitazima redio nikusikilize mpaka umalize, lakini usimpelekee yeye. Ila uje. Uje kabla ya Ijumaa. Mimi nimeshamwambia Mama mara nyingi kwamba hakumzuia mtu, na ananipigapiga mkono kama mtoto, maana mimi ni mwanawe, anaona ninampoza tu. Dada naye amejaribu, wapi! Wewe ndiye uliyesimama mbele za watu ukasema, na wewe tu ndiye anayeweza kuyarudisha maneno yale akaamini. Kaa karibu na kiti chake, mwambie kwamba umejua, na kwamba kaka yako aliishi alivyotaka. Sina nguvu hiyo mimi, Baba Mdogo. Ningekuwa nayo, nisingekuandikia.

Habari za jiwe tutazungumza baadaye, ukishamsikia Mama mwenyewe. Utakachosema kichongwe siku hiyo, kama kimetoka moyoni, mimi nitakuwa wa kwanza kumchotea mchongaji maji ya saruji.

Basi nisikuchoshe. Mpe Mama Mdogo salamu nyingi, na majirani wote wanaotukumbuka. Chumba cha wageni nimekifagia, na kitanda chako nimeshakitandika.

Mimi mwanao, ninayekupenda na niliyekukasirikia,

Msusi