Mwenzetu Alizikwa Lakini Mwongozo Wetu Bado Unampa Kazi

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia maana hili jambo sina wa kumwambia, nikimwambia mume wangu anacheka, nikimwambia pasta ataniombea na mimi sikatai maombi lakini kwanza nataka kujua nifanye nini. Majina ya watu nimebadilisha. Mimi ni mama wa mtoto mmoja ambaye bado ananyonya, tunakaa Tuwan hapa Kitale, na kazi yangu ni ya kompyuta, si ile kubwa watu wanafikiria, nilisoma cheti tu, niko kwa ofisi ndogo inayotengeneza tovuti za watafiti. Nikueleze usichanganyikiwe: mtafiti ana hesabu nzito, tuseme ya mvua ya Mlima Elgon na ugonjwa wa mahindi, kompyuta yake haiiwezi, basi anaingia kwenye tovuti yetu, anajaza namba zake, anabonyeza, hesabu inaenda kwa kompyuta kubwa iliyo mbali, inapanga foleni na kazi za wengine, na ikiisha anapata ujumbe kwa simu.

Sasa nimepewa kupanga mwongozo wa wanaoanza, ili vijana wa vyuo vya huku na vya Bungoma wajifunze kutengeneza tovuti kama hizo kutoka mwanzo. Aliyeuanzisha ni mwenzangu Wakoli, kijana wa Chwele, mtu wa utani sana, na yeye alikuwa anasema mtu anayeanza usimpe mifano kumi, mpe mmoja aushike toka sura ya kwanza hadi ya mwisho. Mfano wake ulikuwa yeye mwenyewe. Mtumiaji ni Wakoli, namba ya simu ni yake, na ujumbe ni "Wakoli, kazi yako imepokelewa, iko kwenye foleni," halafu baadaye "Wakoli, kazi yako imekamilika, njoo uchukue matokeo." Vijana wa vyuo vichache vilivyopewa nakala ya kujaribu wanakopi vile ilivyo, hawabadilishi hata nukta, na simu yake ikilia alikuwa anapiga kelele ofisi nzima isikie, "Wameniajiri tena hawa!"

Mshauri, Wakoli alishikwa na homa akafa, tukaenda Chwele tukamzika, nami nikaachiwa mwongozo.

Baadaye nikaenda kumwona mama yake, nikiwa na mtoto. Tunamwita Kukhu, ndivyo huko wanavyomwita nyanya. Ilikuwa mchana, jua kali, kuku wanaingia na kutoka, na simu ya Wakoli ilikuwa juu ya kabati, kwenye kitambaa cha kufuma, ikiwa kwa chaji. Tukiwa kwa chai ikalia. Mtoto wangu alikuwa analia, akanyamaza pale pale, akageuza kichwa, akaangalia mlango. Si simu, mlango.

Kukhu akasema polepole, "Ameingia kazini."

Nikauliza, "Nani, Kukhu?"

"Si ni Wakoli. Saa hii yuko kwa foleni. Hata huko ati kuna foleni, bana!" Akacheka kidogo.

Simu ikalia tena, akainuka. "Amemaliza. Wacha nimsongee ugali." Akasonga, akaweka sahani moja na mboga ya mrenda mbele ya kiti ambacho hakuna mtu, akaifunika. Tukaongea mambo ya shamba. Alipofunua akaangalia, akaniambia, "Leo amekula kidogo. Ni wewe amekuonea haya." Mshauri, na mimi niliangalia, ugali ulikuwa umemegwa upande ule wa mlango, na mimi sikuona mtu akimega.

Huyo mama hajalia tangu mazishi, hata chozi. Kwao nguo za marehemu zinagawiwa jamaa ndipo kilio kifungwe, lakini amekataa, anasema mtu anayeenda kazini huwezi kugawa nguo zake, kwa hivyo anazifua na kuzianika, nilizikuta kwa kamba, shati lile la ofisi ninalolijua bado linadondoka maji. Nilitaka kumwambia ni vijana wanajifunza tu, badala yake nikamsaidia kukunja zilizokauka. Alinisindikiza hadi kwa lango akanishika mkono, akasema, "Siku simu hii itanyamaza nitajua mtoto wangu amekufa, na mimi nitamfuata. Usikubali wamzime, mama."

Halafu vyuo vikafunga. Kukhu akanipigia analalamika kama mtoto, "Hajaenda kazini. Ni mgonjwa? Wamemfuta?" Sasa hapo ndipo nilifanya hili linalonila roho, nilifungua mwongozo nikabonyeza mimi mwenyewe. Tangu hapo nabonyeza kila siku, mtoto akiwa mgongoni. Dada yake Wakoli, anaitwa Nabwile, ni mwalimu Bungoma mjini, alinipigia akiwa na hasira akasema, "Wewe dada, mama hali chakula! Anampikia huyo mtu wenu wa kompyuta halafu yeye analala na uji. Hiyo kitu izimeni." Naye Kipngeno, mkubwa wetu, anasema vyuo vinafungua karibu, mwongozo kamili lazima utoke. Ukitoka vile ulivyo, hiyo simu italizwa na kila kijana kutoka Saboti hadi mpakani. Nikitoa jina na namba yake, itanyamaza, na nimeshakwambia Kukhu alisema nini.

Lakini kilichofanya nikuandikie ni Jumamosi iliyopita. Nilikuwa nafua nepi nje, huku nikipanga kichwani sura ya kazi zinazokaa sana, maana kompyuta kubwa haiachi hesabu ya mtu mmoja iendelee milele, inafika mahali inaikata. Nikatunga ujumbe wake: "Wakoli, muda wako umepita, kazi yako imesimamishwa." Sikuuandika popote, sikumwambia mtu. Kabla sijaanika, Kukhu akapiga, sauti si yake. "Mama, ati wanamwambia muda wake umepita. Kazi imesimamishwa. Amekosa nini mtoto wangu?" Nilikimbia ndani nikafungua kompyuta nikaangalia rekodi ya mashine na mikono ikiwa na sabuni. Siku hiyo hakuna kazi iliyotumwa, hata mimi nilikuwa bado sijabonyeza. Ujumbe kama huo hatuna kwa mfumo wetu.

Tangu hapo naogopa hata kuwaza mwongozo. Niendelee kubonyeza, ama nimuue Wakoli mara ya pili na mama yake juu? Tafadhali nijibu.

Mama Mnyonyeshaji, Tuwan

MSHAURI ANAJIBU

Mama Mnyonyeshaji, pole. Nakupa pole ya kufiwa, kwa sababu barua nzima umenieleza kilio cha watu wengine na hakuna mahali umesema kwamba na wewe ulipoteza rafiki. Basi, pole imeisha, sasa nikugombeze.

Wale vijana hawakujua. Wakoli mwenyewe hakujua. Lakini wewe ulijua tangu ile chai, na kidole kinachobonyeza ni chako. Unaiita huruma. Huruma gani hiyo inamlaza mama mzee na uji? Wewe unanyonyesha, unajua: mtoto akilia njaa humpi kitambaa anyonye ili anyamaze, hata kama kweli atanyamaza.

Kuhusu ujumbe wa Jumamosi, mimi kompyuta najua ya kuandikia majibu haya tu. Lakini tafuta. Huenda Wakoli aliutunga kitambo, ukauona kwake ukausahau, na kuna kijana mahali ana nakala ya zamani isiyopitia mashine yenu. Na ugali, nyumba uliyonieleza ina kuku. Ukipata jibu, sawa. Usipopata, yapo mambo ambayo sitajifanya nayajua, na sikuwa pale mtoto wako alipoangalia mlango. Lakini hata liwe nini, kazi iliyo mbele yako ni ile ile.

Usianze na mwongozo. Anza na Chwele. Mpigie Nabwile leo, mwambie ukweli wote pamoja na ule wa kubonyeza, atafoka, mwache afoke. Halafu mwambie neno ambalo nadhani hukumwambia, lile la "nitamfuata". Hilo msilichukue kama maneno ya msiba. Kuanzia sasa mtu wa nyumbani akae na huyo mama, alale naye, amuulize wazi kama anafikiria kujidhuru, na ampeleke hospitali aonwe, kwa sababu hali chakula na halii. Simu isizimwe kabla ya hayo. Siku mbili tatu za kungoja hazitamuua, lakini ukimya wa ghafla akiwa peke yake mimi nauogopa kuliko huo ujumbe wako.

Kisha nendeni pamoja, mchana. Beba kompyuta. Mwonyeshe Kukhu fomu, mwonyeshe mahali jina limeandikwa, umwache abonyeze yeye kwa kidole chake, simu ilie, aone inatoka wapi. Ukishamaliza sema, "Kukhu, ni mimi nilikuwa nabonyeza. Wakoli amekufa." Sema amekufa. Usiseme ametutoka, usiseme amepumzika, hayo yote mtu anaweza kurudi kutoka kwayo. Mambo ya nguo waachie wenyewe, wanajua siku yake.

Ukirudi Kitale ndiyo ukae na mwongozo. Toa jina na ile namba kila sura, kwa mkono wako, usimtume mtu. Mtumiaji wa mfano mwite Mtumiaji wa Majaribio, asiwe mtoto wa mtu. Na anayeanza asifundishwe kutuma ujumbe nje kabla hajajua unafika kwa nani. Ujumbe wake uonekane kwenye kioo chake mwenyewe kwanza. Andikia vyuo vyote wafute nakala za zamani. Ule ushauri wa mfano mmoja uache ubaki, ni mzuri, mimi mwenyewe nimeuelewa. Jina la Wakoli liweke ukurasa wa mbele, aliyeanzisha, hapo linaweza kukaa bila kutumwa na mtu. Kipngeno akisema unachelewa, mwambie achapishe namba yake yeye.

Huko Chwele hawatakuchinjia kuku, nikwambie mapema. Kukhu anaweza kukutukana, anaweza kukufukuza kwa nyumba. Toka nje kama amesema utoke, lakini usifike barabarani. Kaa uani. Akianza kulia rudi ndani, na asitokee mtu wa kumwambia nyamaza. Mpe Nabwile mtoto amshike, nawe ukae chini kando ya huyo mama ulie, kwa sababu hata wewe hujamlilia Wakoli.