Mama kwenye filamu ya vijiji

Sefania, nimemwona mama kwenye TV! Marehemu mama!

Nipo mgahawani kwa Mzee Shemboko. Televisheni ya taifa inaonyesha filamu ya watu wa huku kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, 1974. Kabinti kamebeba kuku, kanacheka kamefunika mdomo kwa kiwiko. Mama kabisa! Na kovu lile juu ya jicho!

Nikapiga kelele, "Mama yangu yule!"

Wakacheka wote. Mzee akasema, "Juzi ulisema waziri anakuja, tukafagia soko zima. Wewe chuo kilikushinda, uongo una digrii."

Nikaapa. Wakacheka zaidi.

Kwetu nimebaki mwenyewe, sina wa kumuuliza. Wewe rafiki yangu ulikula kwake, sura yake unaijua.

Marudio Jumapili saa tisa. Tazama, kaka. Nataka mtu mmoja tu aniambie ni yeye.